Hedifoni za Ritha

Dada yangu Elizabeti hupenda kuwaambia watu kwamba mwanawe Ritha alizaliwa akiimba. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimeshika taa, na nasema alizaliwa akipiga kelele kama mtoto mwingine yeyote. Kuimba kulikuja baadaye, na kulipokuja hatukupumzika tena. Aliimba akichota maji, akimenya viazi, akigombezwa. Alipokuwa darasa la sita mwalimu wa kwaya pale kigangoni alimtoa kwa watoto akamweka na wakubwa, sauti ya pili, na wale akina mama wa siku nyingi wakanuna mwezi mzima. Mimi ni mama yake mdogo, sina mtoto wa kumzaa, kwa hiyo nilijivuna kwa niaba ya ukoo wote.

Kwetu ni Mbulumbulu, upande wa juu kabisa, pale mashamba yanapoishia na msitu wa hifadhi ya Ngorongoro unapoanzia. Katikati hakuna ukuta wala waya, ni ukanda wa majani tu, tunauita ukingo. Kuanzia Juni ukungu hushuka kutoka huko juu na unaweza kukaa mpaka saa tano asubuhi. Watalii hupita Karatu na magari yao wakiusifu kwamba unapendeza. Sisi tunaulaani, maana ndani yake wamo mbogo.

Kuna siku ambazo tunaruhusiwa kuokota kuni kavu, na siku hizo wanawake wa kijiji huingia msituni kwa kundi. Hatuingii kimya. Mmoja anaimba mstari, kisha wote tunanyamaza kwa muda wa pumzi mbili, tunasikiliza, ndipo tunaitikia. Wimbo ni wa kumwarifu mnyama kwamba tunakuja, anyanyuke ajiondokee na heshima yake. Kule kunyamaza ni kwa faida yetu, tusikie kama kweli ameondoka. Mbogo wa kundi akikusikia mapema hana ugomvi na wewe. Wa kuogopwa ni dume mzee aliyefukuzwa na wenzake, anayetembea peke yake na hasira zake. Ritha alipofikisha miaka kumi na sita wanawake walimpa yeye kazi ya kuanzisha wimbo, kwa sababu sauti yake ilifika mbali kuliko zetu zote.

Mwaka huo ninaousimulia, miaka mitatu iliyopita, dume wa namna hiyo alikuwa amehamia ukingoni kwetu. Pembe yake ya kushoto ilikuwa imekatika nusu. Mwezi wa tano alimpasua paja jirani yetu, mzee Julius, aliyekwenda kumfungua ndama. Tulimtembelea hospitalini.

"Hakukoroma, hakukanyaga kijiti," alituambia. "Nilimwona akiwa ameshafika."

Julius alipona, ila mpaka leo anatembelea fimbo. Tangu siku ile kila mama alipoona ukungu alitoka mlangoni kuita watoto wake jina kwa jina. Wote tulijua yule dume atarudi. Swali lilikuwa atarudi kwa nani.

Na watoto nao, katika miaka yote waliyopewa na Mungu, wakachagua huo wa kupendana.

Kijana mwenyewe aliitwa Yasini. Mama yake, Hajira, alitoka Singida na kundi la vibarua wa kuvuna ngano, msimu ukaisha yeye akabaki, akapewa chumba katika kambi ya vibarua chini ya shamba kubwa. Yasini alikuwa kidato cha tatu, darasa moja na Ritha, na wote walikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa mrefu, suruali ya shule ilikuwa imemkimbia vifundoni. Simu yake kioo kilikuwa nyufa tupu, lakini ndani yake aliweka programu ya kutengenezea biti, na alizitengeneza kwa kitu chochote: sufuria, mlango wa kambi, kikohozi cha trekta. Siku moja alikuja kwangu kuniletea suruali ile niishushe pindo, akasimama akainyooshea cherehani yangu simu.

"Wewe, hiyo inashona, haiimbi," nikamwambia.

"Shikamoo mama. Wewe shona tu, itaimba yenyewe."

Baada ya wiki aliniletea nisikilize. Cherehani yangu ilikuwa imo, tikitiki tikitiki, chini ya sauti yake yeye, na nilijikuta natikisa mabega. Nilimpenda kijana yule, sitaficha.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Njia ya kutoka shule inapita ukingoni kwa nusu saa nzima, na nusu saa hiyo ikaanza kuwa saa moja na nusu. Nilikutana nao siku moja nikitoka kwenye maharage yangu. Walikuwa wanatembea bega kwa bega wakigawana eafoni za waya, moja kwenye sikio la Ritha na moja kwenye sikio la Yasini, waya umening'inia katikati, hata kupishana na jiwe ilibidi wakubaliane. Ritha aliona nimekunja uso, akaniwahi.

"Mama mdogo, usianze. Sikio moja la wimbo, moja la msitu."

Na ilikuwa kweli. Kila mmoja alikuwa amebakiza sikio moja wazi, na kila wimbo ulipoisha walisimama kidogo wakasikiliza, kama tunavyofanya sisi kwenye kuni. Nikasema moyoni, hawa angalau wana akili. Nikawaacha.

Shemeji yangu Bonaventura, baba yake Ritha, hakuwaacha. Alipopata habari alikuja kwangu na viatu vyake vya Jumapili, dalili kwamba amekasirika.

"Shemeji, yule kijana nisimwone kwenye uwanja wangu."

"Kwani kafanya nini? Wanasikiliza muziki tu."

"Na mimi na dada yako tulianza na kwaya tu." Akashusha pumzi. "Ni Mwislamu, hana hata robo eka, na binti yangu ana mtihani mwakani. Sitaki kuwaona wanatembea pamoja. Umenisikia?"

Nilimsikia. Ritha naye alisikia, alilia siku mbili, halafu akatii kwa namna yake. Hawakutembea tena pamoja. Kila mmoja alipita njia ileile peke yake, na eafoni zilibaki kwa Yasini. Bonaventura alidhani amemlinda mtoto wake. Hata mimi nilianza kufikiri labda mambo yametulia, mpaka Yasini akaja kwangu kupitia nyuma ya nyumba.

Shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwa amebeba magunia ya maharage wiki tatu, na siku ya mnada akashuka Karatu. Alitoa kwenye sweta lake kitu kilichofungwa kwa gazeti. Zilikuwa hedifoni, zile kubwa nyeusi zisizo na waya, zinazofunika masikio yote mawili kama vifuniko vya sufuria.

"Mama, naomba umfikishie Ritha. Memori kadi nimeweka humohumo. Nyimbo kumi na moja, zote nimeimba mimi."

"Kumi na moja? Za nini zote hizo?"

"Za yeye," akasema, akatazama chini.

Alipoondoka nilizivaa. Nataka mjue hilo. Nilizivaa nikakaa mbele ya cherehani, nikabonyeza, na dunia yote ikazimika. Kuku walikuwa wanaparua mlangoni, niliwaona lakini sikuwasikia. Upepo ulitikisa bati, sikuusikia. Ilikuwa sauti ya yule kijana peke yake, karibu kabisa, kana kwamba ameketi ndani ya kichwa changu. Nilicheka kwa furaha kama mjinga. Kisha nikazificha chini ya khanga, nikaenda kwa dada yangu, nikampita Bonaventura uwanjani, nikamsalimu vizuri na kumuulizia hali ya ng'ombe, nikaziweka mkononi mwa mtoto wake.

Kuanzia hapo hukumwona Ritha bila zile hedifoni. Baba yake aliambiwa kwamba ni za kuazima kwa mwenzake wa kwaya, na hakuuliza zaidi, maana msichana alikuwa nyumbani na alikuwa ametulia. Wiki ya kwanza bodaboda nusura imgonge. Dereva alipiga honi mpaka akashuka kumtukana. Ritha alinihadithia hilo akicheka. Nilimgombeza, naye akanikumbatia akaniimbia kipande, na mimi, kwa udhaifu wangu, nikauliza ni wimbo wa ngapi.

Wakati huohuo yule dume alikuwa anasogea. Tuliona kinyesi kibichi karibu na tanki la maji. Mbwa wawili wa Julius walikataa kutoka nje asubuhi, walilala mlangoni wakinung'unika. Askari wa wanyamapori waliitwa, wakaja, wakapiga risasi hewani, yule dume akaingia msituni na majani yakafunga nyuma yake. Walituambia ameondoka. Siku tatu hatukuona alama yoyote, na watu wakaanza kucheka tena kisimani. Mimi sikucheka. Usiniulize kwa nini.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi, ukungu mzito. Ng'ombe wa dada yangu alikuwa amezaa juzi yake na alihitaji majani mabichi. Ritha alipita kwangu na mundu na kamba, hedifoni zimemkaa shingoni.

"Ngoja ukungu uinuke," nilimwambia.

"Askari wamesema ameondoka, mama mdogo."

Ningeweza kumkataza. Nilikuwa na kinywa na nilikuwa na haki. Lakini jana yake Yasini alikuwa ameniuliza ni lini Ritha atakwenda kukata majani, na mimi nilikuwa nimemwambia kesho, saa tatu, pale chini ya korongo. Nilikuwa nimeshakuwa mshenga, mwanamke mzima na akili zangu. Kwa hiyo nilichukua jembe nikasema twende pamoja. Shamba langu la maharage liko upande huu wa korongo, ukingo uko upande ule. Mtu akikohoa kule unamsikia. Nikajiambia kwamba nikiwa pale nitamlinda.

Tuliachana kwenye kivuko. Yeye alishuka, mimi nikapanda shambani. Kwa muda sikumwona, ila nilimsikia akiimba. Aliimba kwa nguvu, kama wanavyoimba watu walioziba masikio, hata akakosea sauti mahali, yeye ambaye hakuwahi kukosea. Niling'oa mashina kama ishirini. Halafu ukungu ukafunguka.

Nilimwona ameinama, mgongo ameupa msitu, anakata. Nyuma yake, hatua kama arobaini, alisimama yule dume. Pembe moja nzima, moja nusu. Hakufanya lolote, alisimama tu akimtazama.

Nilipiga ukelele. Nilipiga mpaka koo likaniuma, nikatupa jembe, nikaanza kushuka korongoni nikianguka na kuinuka. Ritha aliendelea kukata. Ndipo nikamsikia Yasini. Alikuwa anatokea njia ya kambini, upande wa chini, karibu zaidi naye kuliko mimi, na alikuwa ameshamwona mnyama.

"Ritha!"

Nilimwona Ritha akiinua kichwa kidogo. Nikasema Mungu wangu, asante, amesikia. Lakini hakugeuka. Aliinama tena, akaendelea kuimba, na sauti yake ikapanda juu zaidi.

Yasini aliita tena. Aliita tena na tena, sijui mara ngapi, sauti ikampasuka akawa anaita kwa kukwaruza. Dume alianza kutembea. Kijana akaacha kuita, akavua sweta lake, akakimbia. Hakukimbilia kwa Ritha. Alikimbilia katikati, baina ya Ritha na mnyama, akilipunga lile sweta na kupiga makofi, na dume akageuza kichwa akamfuata yeye.

Sitasimulia niliyoyaona pale. Yalichukua muda mfupi kuliko wimbo. Ritha alikuwa hatua kumi na tano tu kutoka hapo, anaimba. Wimbo ulipoisha alivuta hedifoni shingoni, akageuka kutazama ni nini kilichokuwa kinatikisa ardhi.

Vibarua walikuja na trekta na madebe, kelele nyingi, yule dume akarudi msituni polepole. Yasini tulimweka kwenye trela. Ritha alikaa amempakata kichwa, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke. Kijana alikata roho kabla hatujaifikia lami ya Karatu.

Walimzika jioni hiyohiyo kwa taratibu zao, pembeni ya kambi. Wanawake hawakwenda kaburini. Hajira alimwita Ritha chumbani kwake, akamkalisha kwenye mkeka kando yake mbele ya wanawake wote wa Singida, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka watu walipotawanyika. Bonaventura alikuwa amekwenda na jembe lake mwenyewe kuchimba, na alikataa kupokewa zamu. Aliporudi viganja vyake vilikuwa na malengelenge, na yeye ni mtu aliyelima maisha yake yote. Alikaa kwenye benchi la nje akasema, "Nilisema nisimwone kwenye uwanja wangu," akalia kwa sauti mbele ya watoto.

Yule dume aliuawa baada ya siku mbili. Watu walikwenda kumtazama. Mimi sikwenda. Zile hedifoni nilizitumbukiza chooni.

Ritha hakuimba tena. Kwaya ilimfuata mara mbili, mara ya pili na padri, akawakaribisha chai wakanywa wakaondoka. Kidato cha nne alipata alama za kubahatisha. Sasa ana miaka ishirini, anafanya kazi Karatu mjini katika hoteli moja ya watalii, upande wa kufua na kupiga pasi. Wanamsifu ni mchapakazi. Wenzake wakiwasha redio yeye huhamia meza ya mwisho, na wamezoea.

Miaka mitatu nilitembea na dhambi yangu. Dada yangu hajui nani alipeleka zile hedifoni, wala nani alimwambia kijana saa na mahali. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, na kila nilipojiambia hivyo nililala vibaya zaidi. Mwezi uliopita nikaona sasa basi, nikafunga maharage kilo tano na kuku mmoja, nikapanda gari la kushuka mjini.

Nilimkuta peke yake kwenye chumba cha pasi, mashuka yamepangwa mpaka kifuani. Aliniamkia, akanivutia kiti, akaendelea na kazi. Nilimwambia yote nikitazama sakafu. Kwamba ni mimi niliyemwambia Yasini aje siku ile. Kwamba nilizivaa mimi kwanza, nikaona zinavyozima dunia, na bado nikampa. Kwamba nimejiandaa anifukuze.

"Kama si mimi kukuletea zile hedifoni," nikasema, "ungemsikia akikuita, mwanangu."

Alisimamisha pasi. Nikainua macho. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mtoto.

"Nilimsikia," akasema.

Sikumwelewa.

"Ile mara ya kwanza, mama mdogo. Wimbo ulikuwa chini, nikamsikia vizuri kabisa. Nilijua ni yeye amefika." Akalaza kiganja juu ya shuka, akalinyoosha mahali palipokuwa tayari pamenyooka. "Nikajifanya sijasikia, nikaongeza sauti yangu. Nilitaka aniite tena."